Swali la lugha: gia "iliyochomwa" au "iliyoungua"?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa karakana inayopima gia kwa sumaku baada ya kusagwa. Niliandika "gia iliyochomwa", fundi akaniuliza imechomelewa wapi. Niandikeje? Na "kelele za Barkhausen", zinazosikilizwa katika kipimo hicho, je?

JIBU: Fundi ana haki ya kuuliza. Gereji, kuchoma ni kuunga vyuma kwa moto, kwa hiyo alikuwa anatafuta mshono. Hapa hakuna aliyekusudia kuchoma: jiwe la kusagia lilikandamizwa mno, au maji ya kupozea hayakufika, joto likapita kiasi na uso wa chuma ukalegea. Ajali ya namna hiyo tuna kitenzi chake jikoni. Wali umeungua. Nani kauchoma? Hakuna, umesahauliwa tu. Andika "gia iliyoungua". Ukitaka kumtaja mkosaji, "jiwe limeiunguza", kama pasi inavyounguza shati. Nilifikiria pia "kubabuka", maana madhara ni ya juu juu, ila kilichobabuka huonekana, na gia hii inaweza kung'aa kama mpya. Ndiyo sababu inapimwa.

"Kelele" siipendi. Kelele huambiwa zinyamaze, na hizi ndizo zinazosikilizwa. Mwaka 1919 Mjerumani Heinrich Barkhausen aliviringishia chuma koili iliyounganishwa na kikuza sauti, akakisogezea sumaku, akasikia mlio wa kukatikakatika. Usumaku haukui ndani ya chuma kwa ulaini kama maji yanavyojaa ndooni. Huruka kwa hatua ndogondogo, na kila mruko una sauti yake. Bisi zikiwa sufuriani tunasema zinatatarika. Basi "mitatariko ya Barkhausen", na msomaji ataisikia hata kabla ya kuelezwa.

Angalia sentensi moja zaidi. Chuma kilicholegezwa na joto hutatarika kwa nguvu kuliko kigumu, kwa hiyo "mitatariko ikizidi, shuku kuungua" ni sawa. Usiigeuze ukaandika kwamba ikipungua, gia ni salama. Pale palipoungua vibaya zaidi, maji huweza kupapoza ghafla pakawa pagumu upya, na mitatariko ikashuka hapohapo, huku pembeni mwake chuma kimelegea.

Halafu umeandika "kagua gia nzima". Unamwambia akague gia isiyo na kasoro, au akague kila sehemu yake? Andika "gia yote".