Barua kwa mwanangu: fika kabla ya zege

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Baada ya salamu, sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na barua yako imefika. Umeniuliza jambo ambalo nimelikalia siku tatu kabla ya kushika kalamu: sasa umepata kazi ya kusimamia ujenzi wa gati na maghala huko Oman, utawasimamia vipi mafundi waliokuzidi umri na uzoefu, katika nchi isiyo yako, na wengi wao hata lugha yako hawaijui? Ulidokeza pia kuhusu uanamke wako mbele ya wanaume hao. Hilo mama yako amesema atakujibu mwenyewe kwa simu, nami nimemwachia.

Jibu langu, kutokana na miaka niliyoimaliza Maskati, ni fupi: fika kabla ya zege. Babu yako alijenga kwa mawe, chokaa na boriti za mikoko, na ukuta wake ulipanda kidogo kidogo, hata mpita njia aliweza kuliona jiwe lililokaa vibaya na kumwambia. Zege halitoi nafasi hiyo. Asubuhi unaona nondo zote, kipenyo chake, nafasi kati yake na namna zilivyofungwa. Adhuhuri huoni chochote ila uso laini wa kijivu, na kila fundi ameshahamia sehemu nyingine.

Kwenye kazi za baharini kitu cha kwanza kupima ni umbali kati ya nondo na uso wa nje wa zege, ambao michoro mara nyingi hutaka uwe milimita 50 au zaidi. Chumvi hupenya taratibu mpaka ikaifikia nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege hupasuka kutokea ndani. Kinachoulinda umbali huo ni vile vijiwe vidogo vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti. Ni kitu duni, hakuna anayekigombania, na ndiyo maana husahauliwa.

Nami nilikisahau. Mwaka wangu wa pili, mkandarasi mdogo aliyefunga nondo za ukuta wa tangi la maji karibu na pwani alikuwa na msimamizi anayesema Kiswahili cha mjini Unguja kisicho na doa, maana wazee wake walihamia Maskati baada ya 1964. Utakutana na wengi wa namna hiyo, na utafurahi, kwani ugenini lugha ya nyumbani ni tamu kuliko halua. Siku hiyo halua ilikuwepo pia, pamoja na kahawa. Akaniambia ukuta uko tayari, biskuti zimewekwa, malori ya zege yako njiani, nami nikatia saini palepale busatini bila kuinuka. Haikupita miaka minne ukuta ukaanza kutoa michirizi ya rangi ya kahawia. Tulipochimba kwa tindo tulizikuta nondo zikiwa milimita 15 tu kutoka usoni, mahali ambapo mchoro ulitaka 50. Mkandarasi aliileta karatasi yenye saini yangu, na sikuwa na la kujibu.

Mikataba mingi ya nchi za nje huyafuata au huyarekebisha masharti ya FIDIC, lile shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa 1913, kwa hiyo yasome kabla ya kupanda ndege. Katika toleo la 1999, kifungu cha 7.3 kinamtaka mkandarasi akutaarifu kazi inapokuwa tayari na kabla haijafunikwa. Asipokutaarifu, unaweza kumwamuru aifunue na kuirudishia kwa gharama yake. Lakini kifungu hicho kinakubana na wewe, kwa sababu ukishataarifiwa unatakiwa uje bila ya kuchelewa pasipo sababu, au useme upesi kwamba huna haja ya kukagua. Chunga ulimi vilevile: chini ya kifungu cha 3.3, agizo ulilolitoa kwa mdomo, mkandarasi akiliandika na kukuletea ndani ya siku mbili za kazi, nawe ukanyamaza siku mbili nyingine za kazi, linahesabika kuwa agizo lako la maandishi. Ndiyo maana daftari langu halikuwahi kulala kazini.

Kuhusu joto, sheria ya Oman inazuia kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi 9:30 mchana, Juni mpaka Agosti, na zege kubwa humwagwa usiku, mara nyingi kwa maji yaliyopozwa kwa barafu. Andika saa ambayo kila lori lilichanganya; kikomo kilichozoeleka ni dakika 90 tangu kuchanganywa hadi kumwagwa. Lori likichelewa foleni, dereva ataomba aongeze maji ili zege liteleze, na ukikubali utakuwa umelidhoofisha kwa mkono wako. (Hapa Wete nawaona wakifanya hivyo kwa ndoo kila siku, lakini huo ni ugomvi mwingine.) Vipande vya zege vya majaribio huvunjwa kupima nguvu yake baada ya siku 7 na siku 28, na wakati huo zege lenyewe limeshabeba ghorofa nyingine juu yake.

Sasa hao mafundi. Fundi nondo kutoka Bangladesh au Pakistan aliyefunga chuma kwa miaka ishirini anajua kazi yake kuliko wewe, na hilo likubali mapema. Muulize kabla ya kumwamuru. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha, kwa ishara tu, niinamie chini kabisa ya nguzo, ambako vipande vya mbao na waya hukusanyika na kuzuia zege jipya lisishikane na la zamani. Tangu siku hiyo sikupitisha nguzo bila ya kupiga magoti na tochi. Jifunze kuhesabu kwa Kihindi hadi mia kabla ya kujifunza salamu, kwa sababu ubishi mwingi hapo utakuwa wa tarakimu.

Futi yangu ya chuma nimempa ami yako, anayesafiri kwa boti ya Jumamosi. Ncha yake imekatika, basi anza kupimia kwenye alama ya sentimita 10, kisha uzitoe hizo 10 kwenye jibu.

Baba yako