Maswali ya Wasomaji: Barafu ya Ncha za Dunia Huliwa kutoka Chini

Nafundisha Jiografia. Wanafunzi wameniuliza: ikiwa hewa ya Antaktika ni baridi mno hata kiangazi, barafu yake inayeyushwa na nini? – Mwalimu, Buruburu

Wanafunzi wako wameuliza la maana, Mwalimu, kwa sababu michoro mingi huweka jua juu ya barafu na kuishia hapo. Antaktika huliwa zaidi na bahari, kutokea chini.

Kulizunguka bara hilo maji yamejipanga kwa matabaka. Ya juu hukaribia nyuzi -1.8 za Selsiasi na chumvi yake ni pungufu. Mita mia kadhaa chini yake kuna maji ya nyuzi 1 hivi, na hayo ndiyo mazito zaidi, kwa kuwa kwenye baridi ya namna hiyo uzito wa maji hutegemea chumvi kuliko joto. Ndiyo maana yenye joto hukaa chini.

Nyuzi 1 huonekana si kitu mpaka ukumbuke shinikizo. Kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hushuka takriban robo tatu ya nyuzi kwa kila mita 1,000 za kina. Juu, maji ya bahari huganda karibu nyuzi -1.9; mita 1,000 chini ni karibu -2.6. Maji ya nyuzi 1 yakifika huko yana ziada ya nyuzi tatu na nusu. Hupita kwenye mabonde ya sakafu ya bahari yaliyochimbwa na barafu ya kale, na pepo za ukingo wa bara huchangia kuamua ni kiasi gani kitaingia. Ndivyo yanavyozifikia barafuto, yaani mito ya barafu itambaayo polepole, za Pine Island na Thwaites huko Antaktika Magharibi.

Thwaites, yenye upana wa kilomita 120 hivi, imelalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na mwamba huo unazidi kuinama kuelekea bara. Kila barafu inaporudi nyuma hukuta kina kirefu zaidi, ukuta wake mnene zaidi hukutana na maji, na nyingi zaidi hutiririka nje. Ikiisha yote, bahari za dunia zitapanda sentimita 65 hivi, ingawa hiyo ni kazi ya karne na karne.

Greenland hewa nayo huyeyusha sana. Hata hivyo barafuto ya Jakobshavn, iliyokuwa ikikonda kwa karibu miaka 20, ilipunguza mwendo na kunenepa maji ya hori yake yalipopoa kuanzia 2016. Mwonyeshe mfano huo yeyote anayedhani bahari ni mtazamaji tu.

Nilitia barafu kwenye glasi, nikajaza maji mpaka pomoni. Ilipoyeyuka halikumwagika hata tone. Basi barafu inayoelea inapandishaje bahari? – Mwanafunzi, Kayole

Haipandishi, au tuseme kidogo mno. Imeshachukua nafasi yake majini. Nyongeza iliyopo hutokana na maji yake kukosa chumvi, nayo ni asilimia 2 hadi 3 tu ya ujazo wake.

Kazi ya bamba linaloelea, yaani ncha ya barafu ya nchi kavu iliyojitokeza juu ya bahari, ni kuwa mwega. Hujibana kwenye kingo za ghuba na kuzuia barafu ya nchi kavu iliyo nyuma yake. Bamba la Larsen B la Antaktika, kilomita za mraba 3,250 hivi, lilisambaratika mapema 2002 kwa wiki chache. Bahari haikupanda kwa ajili yake, lakini barafuto zilizokuwa nyuma yake ziliongeza mwendo, baadhi mara kadhaa. Barafu hiyo ya nchi kavu ndiyo inayohesabika: tani bilioni 360 hivi zikiingia baharini, usawa hupanda milimita 1.

Jaribu hili pia. Chukua glasi mbili za mililita 250. Katika moja koroga kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, gramu 9 hivi, upate chumvi ya bahari. Subiri maji yote yawe na joto la chumba, kisha tia vipande viwili vinavyolingana kwa wakati mmoja, bila kukoroga. Wengi hubashiri cha maji ya chumvi kitaisha kwanza; huwa cha mwisho. Maji yanayotoka kwenye barafu ni mepesi, hivyo hutanda juu ya maji ya chumvi na kukifunika kipande kwa baridi. Kwenye glasi isiyo na chumvi maji hayo baridi huzama, na ya joto huchukua nafasi yake. Jaribio huharibika ukitikisa meza, au ukitumia barafu ya juisi, maana sukari huongeza uzito. Rudia ukikoroga glasi zote mbili, uone tofauti inavyopungua.

Roboti Icefin iliona jambo hilohilo mwaka 2020, ilipoteremshwa chini ya Thwaites kupitia tundu la karibu mita 600 lililotobolewa kwa maji moto. Penye barafu tambarare, tabaka la maji mepesi lilipunguza kasi ya kuyeyuka ikawa mita 2 hadi 5 kwa mwaka. Kwenye nyufa na kingo za mteremko ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo joto la maji peke yake halitoshi kubashiri. Sharti ujue yanachanganyika vipi.

Tunaishi South B na tuna kiwanja Mtwapa. Ncha za dunia ziko mbali. Tupime nini kabla ya kujenga? – Mzazi

Umbali haukuokoi. Barafu kubwa huvuta bahari iliyo karibu nayo. Ikipungua, mvuto hulegea na maji huhamia mbali, kwa hiyo sisi wa ikweta hupata kidogo zaidi ya wastani. Wastani huo ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, barafu ya nchi kavu ikichangia zaidi kuliko maji kutanuka kwa joto.

Kosa la kawaida ni kuchanganya vipimo. Jedwali la maji la Kilindini huhesabu kutoka maji yanapokupwa kabisa. Mpima ardhi huhesabu kutoka wastani wa bahari, ambao uko takriban mita 2 juu zaidi. Bamvua, yaani maji yanapojaa zaidi wakati wa mwezi mpevu au mwandamo, ya mita 4 kwenye jedwali ni mita 2 tu kwenye ramani yake. Kiwanja cha mita 3 basi kina akiba ya mita 1, kabla hujaondoa mawimbi na nyongeza ya karne hii, ambayo IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, iliikadiria mwaka 2021 kuwa kati ya sentimita 28 na 101 kutegemea hewa chafu. Mwinuko wa kwenye simu usiuamini. Hukosea kwa mita kadhaa.

Angalia kisima pia. Katika mchanga na mawe ya matumbawe, kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, juu ya maji ya chumvi. Pampu ikishusha sentimita 10, chumvi inaweza kupanda mita 4. Mara nyingi pampu huharibu kisima mapema kuliko Antaktika.

Je, barafu ya Mlima Kenya ikiisha, Mombasa itazama? – Msomaji, Kahawa West

Hapana. Iliyobaki ni kidogo mno, haitaongeza kina kinachoweza kupimika.