Muulize Bibi Shamba: Mbona wanatupa makomamanga?

Shikamoo Bibi Shamba. Mwanangu yuko Israeli kwa mafunzo ya kilimo, huko Galilaya. Juzi kanipigia simu, anasema wameamriwa kuchuma makomamanga yote ya miti michanga na kuyatupa, hata mbuzi wasipewe! Je, ni utaalamu au ni dini? Na ni kweli kila mwaka wa saba hawalimi? Nina ekari mbili za maembe, nami nizipumzishe?
Mama Neema, Turiani

Marahaba, Mama Neema. Ni dini, ingawa hata mimi nilidhani ni utaalamu.

Nilikwenda huko Machi 2014, nikakaa miezi kumi na moja kwenye kitalu cha mzee mmoja wa Galilaya ya Chini. Wiki ya kwanza nikajifanya fundi, nikatandika nailoni chini ya viriba kama tunavyofanya huku ili mizizi isizame ardhini. Mzee akaja, akaichomoa yote bila kusema neno. Nikajiambia, huyu ana roho mbaya. Kumbe kwao kiriba chenye matundu kikikaa juu ya udongo mtupu, mche unahesabiwa kuwa umeshikana na ardhi na umri wake unakwenda. Mimi na nailoni yangu nilikuwa namkatia hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo inayomchosha mwanao. Soma Walawi 19:23. Matunda ya miaka mitatu ya kwanza wanayaita orla: hayaliwi, hayauzwi, mifugo hailishwi. Nilimwambia mzee kwamba ni vizuri, mti hupata nguvu. Akacheka. Hata ungedhoofika, akasema, angeyatupa tu.

Agosti tulipanda hadi usiku kwa taa za trekta. Mti uliowahi siku 44 kabla ya mwaka mpya wao, hizo siku chache zinahesabiwa mwaka mzima! Mwisho ulikuwa tarehe 15 ya mwezi wao wa Av, mwaka ule ikaangukia Agosti 11. Na haraka ilikuwa na sababu ya pili: mwishoni mwa Septemba uliingia mwaka wa saba, shmita, ambao ndani yake hapandwi kitu.

Baada ya hapo, kimya. Bustani ya zamani iliachwa lango wazi, majirani wakaingia na vikapu kuchuma cha kula nyumbani. Sisi tulimwagilia tu miti isife. Mkasi wa kupogolea ulitundikwa ukutani. Lakini usidhani nchi nzima inalala. Jirani yetu aliweka sahihi mkataba unaopitia kwa marabi, wa kumuuzia ardhi mtu asiye Myahudi kwa mwaka ule, na matrekta yake yakaendelea kunguruma. Njia hiyo ilianza kutumika shmita ya 1888 hadi 1889. Mzee wangu hakuikubali hata kidogo, ila pampu ya maji waliendelea kuitumia pamoja. Shmita ijayo itaanza Septemba 2028, kwa hiyo mwanao huenda asiione.

Sasa maembe yako. Amri ya mwaka wa saba imefungwa na ardhi ile. Hata Myahudi akilima Turiani haimbani. Na mwembe ukiupumzisha haukupi kitu. Pogoa, panda mbaazi katikati ya mistari. Kama una miche ya kubebesha, toa maua ya miaka miwili mitatu ya kwanza. Huo ndio utaalamu, na hayo maua ukimpa mbuzi hakuna atakayekuuliza.

Makomamanga tuliyopanda kwa taa za trekta sikuyaonja, niliondoka mapema 2015. Septemba 2017 mzee alinitumia picha: komamanga moja limepasuliwa mezani, kando yake sarafu. Matunda ya mwaka wa nne hukombolewa kwa sarafu kwanza, yaani utakatifu wake huhamishiwa kwenye sarafu, ndipo yaliwe.

Bibi Shamba