Swichi Iko Mkononi mwa Nani? Maswali Yenu Kuhusu Redio, Runinga na Magazeti

Tangu niandike kuhusu uhuru wa vyombo vya habari na jinsi unavyotumika huku mashinani, ujumbe wenu haujakoma. Leo najibu maswali ya kutoka Nyanza, Magharibi na Nakuru. Baadhi yalikuwa matusi matupu, hayo nimeyaweka kando.

Juni 25, 2025 tulikuwa kwa kinyozi hapa Kondele tukifuatilia maandamano, mara runinga ikakata. Si Katiba inasema vyombo vya habari ni huru? – Fundi wa simu, Kisumu

Inasema, tena bila kumung'unya maneno. Kifungu cha 34 kinaikataza Serikali kumwingilia anayetangaza au kuchapisha, na kumwadhibu kwa maoni yake au kwa yaliyomo kwenye habari yake. Ila kifungu hichohicho kimeacha mlango: uhuru huo haugusi propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Barua ya Mamlaka ya Mawasiliano ya siku ile ilipitia mlango huo. Ilidai kuwa kuonyesha maandamano moja kwa moja kunakiuka Katiba, ikaagiza vituo viache mara moja.

Soma orodha hiyo tena, ndugu yangu. Kamera inayoonyesha watu barabarani imehubiri chuki gani? Mtangazaji akichochea, aitwe yeye, asomewe maneno yake, ajitetee. Kuzima kituo kizima kabla hakijatamka lolote ni kumhukumu mtu kwa kosa analodhaniwa atalitenda kesho.

Jioni ileile Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo, na picha zikarudi. Linganisha na Januari 30, 2018, Raila Odinga alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park. Citizen, NTV na KTN News zilizimwa. Februari 1 mahakama ikaamuru ziwashwe, Serikali ikajifanya haijasikia, na Citizen haikurudi hewani hadi Februari 8. Safari hii tulikaa gizani saa chache badala ya siku tisa. Yaite maendeleo ukipenda.

Na kama kuna anayeamini kuwa kuzima picha hutuliza mji, akumbuke Desemba 30, 2007, matangazo ya moja kwa moja yalipopigwa marufuku baada ya matokeo ya urais. Kisumu iliwaka vilevile. Kilichopungua ni habari za kuaminika, na nafasi yake ikachukuliwa na uvumi wa SMS.

Gazeti likitaka kuchapisha halihitaji masafa. Kwa nini redio ya kijiji iwapigie wakubwa magoti ndipo ipewe? – Mvuvi, Mbita

Kwa sababu masafa ni machache. Vituo viwili vikirusha kwenye masafa yaleyale katika eneo moja, husikii hata kimoja. Ndiyo maana Katiba inakubali leseni za utangazaji, lakini imeweka sharti ambalo wengi hulisahau: anayetoa leseni awe huru, asiwe mkono wa serikali, wa wanasiasa wala wa wafanyabiashara. Leseni ni ya kugawa hewa. Haikuwekwa ili mtu achunge midomo ya wengine.

Wewe wa Mbita una haki ya kuuliza kuliko wengi. Redio ya kwanza ya jamii nchini ilianzishwa hapohapo Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kwa mtambo mdogo wa bei nafuu. Serikali ya wakati huo iliifunga baada ya miaka michache. Wenyeji walikuwa ndio kwanza wameanza kuzoea kusikia sauti zao wenyewe.

Asubuhi nikipeleka watoto shule kwa matatu, redio inazungumza mambo ya kitandani. Huu nao ni uhuru? – Mama wa watoto watatu, Nakuru

Hapana, dada. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vipindi vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku viwe vya kufaa familia nzima. Andika jina la kituo, siku, saa na yaliyosemwa, upeleke malalamiko kwa kituo chenyewe kwanza, kisha kwa Mamlaka. Katika jambo hili niko upande wa mdhibiti kabisa, na wala sioni haya. Na mwambie makanga abadilishe stesheni, wewe ndiye mwenye nauli.

Niko mafunzoni kwenye redio fulani huku Kakamega. Baada ya kila mkutano wa waheshimiwa tunagawiwa "fare". Nikikataa, wenzangu wanasema najifanya mtakatifu. – Mwanafunzi wa uanahabari

Sitakuhubiria, kwa maana najua mnavyolipwa, au msivyolipwa.

Kwa wasioijua shughuli yenyewe, huenda hivi. Hotuba zimekwisha, mheshimiwa ameingia garini. Msaidizi wake anazungusha daftari: jina, kituo, nambari ya simu, sahihi. Kisha mnaitwa mmoja mmoja nyuma ya Prado, noti ya elfu imekunjwa hadi imekuwa ndogo kama stempu. Siku hizi wengine hawajisumbui na noti, jioni unasikia tu simu imelia, M-Pesa imeingia. Kanuni za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari zinakataza zawadi za aina hiyo, na kila aliyesaini daftari anajua. Lakini waandishi wengi wa mashinani hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyotumika, na nauli ya kwenda Lugari na kurudi inatoka mfukoni mwao. Mkono mtupu haulambwi.

Ushauri wangu ni mdogo, lakini unatekelezeka. Usisaini daftari usiloelezwa ni la nini. Ukipanda gari lao kwa sababu hakuna njia nyingine, mwambie mhariri kabla hujaandika. Halafu andika habari kana kwamba hukupewa kitu, uone kama wataita tena jina lako. Siku utakapoachwa nje ya orodha ndipo utakapojua ulikuwa unalipwa kwa ajili gani.

Hata hivyo, elfu moja si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni tangazo la kaunti. Redio ndogo ya huku kwetu huishi kwa matangazo machache, na mteja mnene kuliko wote mara nyingi ni serikali ya kaunti, mteja ambaye pia ni sugu kwa madeni. Meneja anayedai malipo ya miezi kadhaa hahitaji kutishwa na polisi. Mtangazaji akianza tu kuuliza dawa za hospitali ya kaunti zilienda wapi, meneja anaingia studio na kuonyesha ishara ya wimbo upigwe. Hakuna amri, hakuna barua, kwa hiyo hakuna cha kupeleka kortini. Katiba ilitukinga dhidi ya swichi ya Limuru, kwenye mitambo ya kurushia matangazo, ikasahau ankara isiyolipwa. Nikiulizwa ni kipi kinachoziba midomo mingi zaidi kati ya Busia na Nakuru, nitataja hiki kabla ya vitoa machozi.

Dawa? Angalau kila kipindi kilicholipiwa kitangazwe kuwa kimelipiwa, na nani. Msikilizaji si mjinga, atajua asikilize kwa sikio gani.

Mimi niliishi Molo mwaka 1992 na 2008. Hizi redio za lugha za mama zifungwe, tutulie. – Mzee, Molo

Mzee wangu, aliyeyaona uliyoyaona ana haki ya kusema hivyo. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika ghasia za 2007 na 2008, na Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa waliopandisha joto. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Kesi yake ilikatizwa Aprili 2016 kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha, kwa hiyo hakupatikana na hatia, na ni haki isemwe hivyo.

Lakini fikiria ilivyokuwa studio. Simu za wasikilizaji ziliingia hewani moja kwa moja, mbele ya mtangazaji ambaye hajafunzwa, bila kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache ili maneno mabaya yakatwe. Hilo linarekebishwa kwa mafunzo na vifaa. Tangu 2008 pia tuna Sheria ya Utangamano wa Kitaifa, ambayo kwa matamshi ya chuki ya kikabila inatoa faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo humfuata aliyetamka, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa lugha ya mama. Ukifunga redio za lugha zote, bibi yako kijijini asiyejua Kiswahili utampa habari za kipindupindu kwa njia gani?

Nikiandika Facebook kwamba mkubwa fulani ni mwizi, naweza kukamatwa? – Mwendesha boda boda, Siaya

Kwa karatasi, kashfa si jinai tena. Februari 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imekifuta kile cha sheria ya mawasiliano kilichotumika kuwakamata wanablogu. Aliyechafuliwa jina anakwenda kudai fidia katika kesi ya madai, na ana miezi 12 tu ya kufanya hivyo. Iko pia Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo vifungu vyake kuhusu habari za uongo vilipingwa mahakamani mwaka huohuo ilipopitishwa.

Nje ya karatasi mambo ni mengine. Juni 2025 mwalimu kijana alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kabla ya kukucha alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Wakasema amejigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti wakasema majeraha yale si ya mtu aliyejigonga. Yote hayo kwa chapisho ambalo hata likiwa la uongo lilistahili barua ya wakili.

Kwa hiyo andika, lakini andika unachoweza kukithibitisha. "Mwizi" ni tuhuma. "Barabara hii ililipiwa na haijajengwa" ni jambo ambalo lina picha na hati.

Mchezo wa kuigiza wa shule unahusiana nini na uhuru wa vyombo vya habari? Mnawatumia watoto wetu. – Mzazi, Butere

Kifungu cha 33 cha Katiba kinataja ubunifu wa kisanaa kwa jina. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wasichana wa shule ya Butere waruhusiwe kuigiza mchezo wao, Echoes of War, uliokuwa umezuiwa, lakini Aprili 10, 2025 huko Nakuru waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani, huku vitoa machozi vikirushwa na wanahabari wakizuiwa. Katika mji huohuo, Julai 16, 2024, mwandishi wa Kameme TV alipigwa risasi za mpira mguuni akiwa amevaa jaketi la wanahabari. Aliyewatumia watoto wako, mama, ni aliyepeleka gesi.

Gazeti liliweka picha yangu kwenye habari ya wezi wa mifuko. Mimi nauza mitumba tu Kibuye. – Mfanyabiashara, Kisumu

Pole sana. Weka nakala ya gazeti. Mwandikie mhariri ukitaka marekebisho. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kusahihishiwa habari ya uongo inayokuhusu. Wakikupuuza, nenda kwa Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Baraza la Vyombo vya Habari. Inaweza kuagiza gazeti liombe radhi, na kulitoza faini ya hadi shilingi 500,000, na mwandishi hadi 100,000. Kinyozi hajinyoi, ndiyo sababu iko. Usichelewe: ukitaka kwenda kortini, ile miezi 12 inahesabika.

Mimi si mwandishi. Nani atanionyesha hesabu za zahanati yetu? – Mkulima, Webuye

Wewe mwenyewe. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inamruhusu kila raia kuomba, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu na bila kulipia ombi. Utalipia nakala tu. Iandikie idara ya afya ya kaunti, utaje zahanati na mwaka wa fedha. Wana siku 21. Wakinyamaza, ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ina tawi Kisumu. Hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, la sivyo watasema hawakuiona.