Uliza Tujibu: Gesi ya Msimbati, mabibo na ng'ombe wanaopiga mbweu

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi mama wa watoto wawili hapa Mikindani, napikia mtungi mwaka wa pili sasa. Juzi mwanangu wa darasa la saba karudi shule anasema gesi yetu ya Msimbati ni methani na methani ndo inapandisha joto duniani, eti na ng'ombe nao wamo, nikacheka mpaka basi. Sasa nirudi kwenye mkaa au? (Mama Wawili, Mikindani)

JIBU: Marahaba mama. Usirudi kwenye mkaa bwana, tena huo mtungi wako wala sio methani, humo mna propani na butani. Methani ni hii ya Mnazi Bay hapo Msimbati iliyogunduliwa 1982, na ile ya Songo Songo kule Kilwa, hizo karibu zote ni methani tupu.

Mwanao kapatia ila kaiacha nusu njiani. Methani ukiiunguza, iwe jikoni au kwenye mtambo wa umeme, inageuka kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji, hiyo nayo ina madhara yake lakini afadhali. Balaa ni ikivuja mbichi, maana kwa miaka 20 ya mwanzo tani moja ya methani inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ukaa. Halafu haionekani, na yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya mnayoisikia kwenye gesi ya kupikia imetiwa makusudi ili ushtuke ikivuja. Ndo maana kwenye visima na mabomba wanatakiwa wapite na kamera maalum za kuona gesi, wakaze valvu, wabadilishe gasketi zilizochoka, yaani ni kazi ya spana kuliko ya semina, na gesi uliyoizuia isivuje si unaiuza?

Uzuri wake methani haikai sana hewani, kama miaka 12 hivi nyingi imekwisha, wakati hewa ukaa inakaa mamia ya miaka. Kwa hiyo ukipunguza leo huyo huyo mwanao atakuja kuona tofauti. Kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Glasgow 2021 nchi zaidi ya 100 ziliahidi kupunguza asilimia 30 ifikapo 2030 kulinganisha na 2020, ila ukipima hewa bado methani inapanda tu, ahadi na spana ni vitu viwili.

Ng'ombe nao ni kweli, usicheke. Ila sio kwa kujamba kama watoto wanavyopenda kusema, nyingi inatokea mdomoni, anacheua anapiga mbweu. Na ng'ombe aliyekondeana anayetafuna nyasi kavu miaka sita ndo apate kuuzwa, huyo kwa kila kilo ya nyama ametoa methani nyingi kuliko aliyelishwa vizuri akakua chap.

SWALI: Mkuu, msimu wa korosho mabibo yanatujaa shambani, baba kachimba shimo tunayamwaga humo na kufukia ili nzi wasijae. Nalo linatoa hiyo gesi? (Kijana, Tandahimba)

JIBU: Linatoa, tena hapo ndo mmeitengenezea kiwanda. Kitu kikioza pasipo hewa, vijidudu vya humo ndani vinatengeneza methani, majalala makubwa ya mjini nayo ni hivyo hivyo. Yaanikeni juani mlishie mifugo, au mchanganye na majani makavu mfanye mboji, mradi mwigeuze kila baada ya siku kadhaa hewa ipite. Kama mna ng'ombe wawili watatu fikirieni mtambo wa bayogesi, hapo methani mnaitaka kabisa maana mnaiunguza jikoni. Ila msijaze mabibo matupu, yana uchachu na vile vijidudu uchachu haviutaki, samadi ndo iwe nyingi mabibo yafuate. (Wa kupika gongo najua mna matumizi yenu, sijaulizwa.)

SWALI: Na mpunga je? Nasikia nao unatoa. (Mkulima, Lindi)

JIBU: Unatoa, sababu jaruba likituama maji muda mrefu tope la chini linakosa hewa. Mwenye mfereji asijaze maji muda wote, ayaache yashuke mpaka sentimita 15 chini ya udongo ndo afungulie tena, isipokuwa mpunga ukianza kuchanua hapo usiukaushe. Methani inapungua karibu nusu na mavuno hayashuki. Anayetegemea mvua ya Mungu hana koki ya kufunga, yeye tumwache. Kupimia chukua kipande cha bomba la plastiki, kitoboe matundu kwa msumari wa moto, kisimike kwenye jaruba halafu uwe unachungulia ndani maji yamefika wapi.