Mnaojifunza kutua na ndege yenye gurudumu la mkia, msilaze miguu

Wadogo zangu, wiki hii nimemwona mwanafunzi wa tatu akigusa chini kwa ulaini wa kupendeza, akatabasamu, akalegeza miguu, na ndege ikageuka ikatazama ilikotoka. Nawapenda, lakini uvumilivu wangu unakaribia kwisha.

1. Njooni kwa mara 1.3 ya kasi ambayo bawa huacha kubeba, kwani ndege nyepesi ya kujijengea, ukiipunguzia injini, kasi yake hukatika papo hapo.

2. Macho yawe mwisho wa njia, si kwenye pua ya ndege.

3. Miguu. Hapa nitakaa, kwa kuwa ndege yangu ya kwanza, niliyoijenga kwa mikono yangu, niliivunja baada ya kutua vizuri. Upepo wa ubavuni ulitoka kushoto, nao ulikuwa mdogo. Magurudumu yote matatu yaligusa pamoja, fimbo ya kuongozea ndege nikiwa nimeivuta hadi tumboni, nami nikajiambia nimefika, nikapeleka mkono kwenye wenzo wa flapsi, yale mapanuo ya nyuma ya bawa. Pua ikaanza kwenda kushoto polepole. Niliiona, nikaiachia kwa muda wa pumzi moja. Kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa ya mbele, kwa hiyo mkia ukishatoka kwenye mstari, uzito wenyewe huuzidishia mwendo, na pedali ya kulia ya usukani wa mkia niliyoikanyaga hadi mwisho haikurudisha kitu. Kwa kasi ya baiskeli iteremkayo kilima, ndege ilizunguka, mguu wa gurudumu la kulia ukakunjika na bawa likalala chini. Kitambaa cha ncha kilichanika, na mle ndani nikaziona mbavu za mbao nilizozigundi moja moja, zimevunjika, gundi ikiwa bado imeshika.

Basi pedali zikanyagwe kidogo kidogo na kwa haraka, na mguu uachie kabla pua haijarudi katikati.

4. Mkidunda juu, msisukume fimbo mbele. Ongezeni nguvu ya injini mrudi hewani.

5. Fimbo ibaki nyuma, imelazwa upande wa upepo, hadi ndege isimame kabisa.

Mwanafunzi yule hakuumia, na bawa lake limekwaruzika tu. Likisharekebishwa, tutaanza naye asubuhi na mapema, kabla ya upepo, kwa kuitembeza ndege chini mbele na nyuma, bila kuruka, mpaka miguu yake izoee kutotulia.