Ithibati ya chuo siyo ithibati ya kozi: soma kabla hujatuma ada Istanbul

Mkuu, simamisha hayo malipo kwanza. Umeuliza bei za mabweni Istanbul na kama kozi ya lugha ni lazima, lakini kilichonishtua ni hapo wakala alipokuhakikishia kwamba chuo "kina ithibati kamili ya YÖKAK", hivyo digrii yako ya uhandisi ujenzi itakubalika popote. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikalipa.

YÖKAK ni baraza la ubora wa elimu ya juu la Uturuki, lilianzishwa 2015. Linakagua chuo kizima: uongozi, ufundishaji, utafiti, mchango kwa jamii. Kikifaulu kinapewa ithibati ya miaka 5, au 2 ikiwa na masharti. Kozi moja moja zina wakaguzi wake: uhandisi MÜDEK, udaktari TEPDAD, uuguzi HEPDAK.

Chuoni kwetu uhandisi ujenzi ulikuwa wa aina mbili, wa Kituruki na wa Kiingereza. MÜDEK iliupitisha wa Kituruki. Wa Kiingereza, ambao ndio sisi wageni tulijazwa humo, ulikuwa mpya na haukuwemo kwenye orodha. Cheti kilichobandikwa kwenye kipeperushi kilikuwa halali, ila si chetu! Nilikuja kujua nikiwa mwaka wa pili. Nikahamia chuo kingine, wenyewe wanaita yatay geçiş, na huko masomo mengi yakakataliwa, nikaanza kuyarudia. Kiwanja cha mzee wangu kiliuzwa kulipia mwaka ambao haukuhesabiwa.

Wakala nilipompigia akasema, "Chuo kina ithibati, sikukudanganya." Basi siku akiugua atosheke na leseni ya hospitali, asiulize anayemchoma sindano kasomea wapi! Yule alikuwa analipwa na chuo kwa kila mwanafunzi aliyempeleka, angeniambiaje nisiende?

Tafuta KOZI, usitafute chuo. Ingia YÖK Atlas, tovuti rasmi ya Uturuki yenye orodha ya kozi za vyuo, uchukue jina lake kamili la Kituruki, İnşaat Mühendisliği, uone kama mbele yake pameandikwa İngilizce, yaani Kiingereza. Jina hilo hilo, na lugha hiyo hiyo, ulikute kwenye orodha ya MÜDEK, kisha utazame ithibati inaisha lini. Ikiisha kabla hujahitimu, waandikie kitivo wenyewe wakujibu kama wameomba upya. Jibu la wakala kwa WhatsApp usilihesabu.

Weka hapa jina la kozi kama lilivyo kwenye barua yako ya udahili, nikutafutie leo hii hii.